Kukaribia au Kuvuta

Dada yetu alikuja Jumatano baada ya swala ya alasiri, akaketi, akatoa bahasha chini ya buibui na kuiweka juu ya mkeka. Zamu yake ya mchezo ilikuwa imefika. Kwa miezi kumi alikuwa akitoa fungu lake kutokana na mahamri na mbaazi anazouza asubuhi mlangoni pake, na sasa alikuwa amepokea.

“Kaka,” alisema, “mabati ya jikoni yavuja, na mwanao ataka lenzi. Wewe ndiwe uliyewahi kushika kamera katika nyumba yetu. Tuamulie.”

Mwanetu huyo, binti wa dada yetu, ana miaka 23, na kazi yake ni kupiga picha katika harusi za wanawake. Mama zetu na dada zetu wasomao ukurasa huu hawana haja ya kuelezwa, lakini huenda waume wao hawajui yaliyo upande wa pili wa pazia. Usiku wa kupamba, simu hukusanywa mlangoni. Mabuibui huvuliwa, nywele hufunuliwa, na wanawake hukaa kwa amani kwa kuwa hakuna jicho lisilowahusu. Kamera huwa moja tu, na mwenye kuishika hana budi awe mwanamke, tena wa kuaminika. Kazi hii imewapa riziki mabinti kadhaa wa mji wetu, nao huifanya kwa hadhari kubwa.

Suala la hukumu ya picha wanazuoni wamelizungumza kwa urefu na wakakhitilafiana, na si nia yetu kulifungua leo. Leo twazungumzia kioo.

Kamera yake ni Nikon iliyotumika, aliyoletewa na binamu yake kutoka Dubai, pamoja na lenzi ya zumu, yaani ya kuvuta, ile ndogo inayouzwa na kamera yenyewe: milimita 18 hadi 55. Ukizungusha pete yake waingiza ukumbi mzima ndani ya picha. Ukizungusha tena wamleta bi harusi karibu, nawe hujaondoa mguu ulipokuwa. Alitaka mojawapo ya mambo mawili. Ama lenzi kubwa ya kuvuta, milimita 70 hadi 200, yenye uzito wa takriban kilo moja na nusu, ambayo hata ikiwa imetumika ingemaliza bahasha yote na kuacha deni. Ama lenzi ya praimu, yaani isiyovuta, yenye kipimo kimoja maisha yake yote, nyepesi kama chungwa, na bei yake ingesaza fedha za mabati.

Alitusimulia kilichomfikisha hapo. Katika mwezi wa Rajabu alipiga picha katika kupamba kwa familia moja tunayoiheshimu. Taa za ukumbi zilikuwa za zambarau, hafifu, kama ilivyo mtindo wa siku hizi. Nyanya wa bi harusi, ajuza aliyepita miaka themanini, alibebwa kwa kiti hadi jukwaani, akamvika mjukuu wake kikuba kwa mkono wake mwenyewe. Vigelegele vikapanda. Familia ilikuwa imeomba flashi isitumike, kwa kuwa bibi huyo alikuwa ametoka kupasuliwa jicho. Mwanetu akapiga picha tisa. Zote tisa zilitoka na ukungu: mkono umekuwa mikono mitatu, uso watetemeka kama kivuli ndani ya kisima. Baada ya Ramadhani yule bibi alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na wanawe wakaja kuomba picha ile. Mwanetu alizifungua zote tisa mbele yao, na hapakuwa na hata moja ya kutundikwa ukutani.

Hakuwa amekosea kitu. Lenzi yake ndiyo iliyokuwa na njaa ya mwanga. Kila lenzi ina tundu, na tundu ndilo mlango wa mwanga. Jambo hili wazee wetu wa elimu walilichungua kabla ya kamera kuwapo. Ibn al-Haytham, aliyeandika Kitab al-Manazir huko Misri miaka elfu moja iliyopita, alitazama mwanga wa jua lililopatwa ukiingia penye giza kupitia kitundu, akaona kuwa ukubwa wa kitundu hubadilisha sura inayotua upande wa pili. (Wako wasemao kuwa hata neno kamera latokana na Kiarabu. Tungependa iwe hivyo, walakini ni neno la Kilatini, na maana yake ni chumba.) Tundu la lenzi hupewa nambari, na nambari hizo huenda kinyume: iliyo ndogo ndiyo tundu kubwa. Zumu yake ile, ikivutwa hadi mwisho, haifunguki kupita 5.6. Praimu ya bei nafuu hufunguka hadi 1.8. Na kwa kuwa mwanga hufuata eneo la tundu wala si upana wake, tofauti baina ya mbili hizo ni takriban mara kumi. Pale zumu ihitajipo sehemu moja ya ishirini ya sekunde, praimu hutosheka na sehemu moja ya mia mbili. Mkono wa ajuza hautulii kwa sehemu ya ishirini. Kwa sehemu ya mia mbili, hutulia.

Ile kubwa ya kuvuta nayo hufunguka hadi 2.8, na hilo si haba, ni mara nne ya aliyokuwa nayo. Ndiyo maana bei yake si ya mbuzi, ni ya ng'ombe.

Ushauri wetu wa kwanza tuliutoa papo hapo: nunua praimu. Lakini haukutoka katika hesabu hii ya mwanga. Ulitoka katika aibu ya zamani, nasi twaona ni haki tuieleze.

Tulipokuwa vijana, ami yetu baharia alituachia kamera ya Zenit, ya Kirusi, nzito kama tofali, yenye lenzi moja ya Helios ya milimita 58. Haikuvuta. Ukitaka uso wa mtu, wamwendea. Ukitaka kundi, warudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta. Lenzi za kuvuta kwa kamera za namna ile hazikuwapo kabla ya mwaka 1959, ilipotoka Zoomar ya Voigtländer, na hata katika ujana wetu hapa mjini zilikuwa kitu cha kuazimwa. Nasi tukaiazima moja, ya milimita 80 hadi 200, kwa mwenye studio. Tulikuwa na miaka 22. Tukapanda juu ya nyumba, mahali pa kuanikia nguo, tuone yafika wapi. Ilifika kwenye majahazi. Ilifika kwenye mnara wa msikiti. Kisha tukaishusha, na juu ya paa la tatu kutoka kwetu alikuwako jirani yetu, mke wa mtu, kichwa wazi, aanika nguo huku akicheka na mwanawe. Jua lilikuwa limeingia katika nywele zake. Tukabofya.

Filamu tulipeleka studio kusafishwa, na mwenye studio alitukabidhi picha ile kwa tabasamu ambalo hatujalisahau. Ndipo tulipotambua kuwa si macho yetu tu yaliyoingia pale juu. Tulichoma picha na negativu yake, tukamtuma mama yetu akatuombee radhi. Bibi yule alisamehe. Lakini wiki iliyofuata aliizungushia makuti sehemu yake ya kuanikia, nayo yakabaki hadi familia ile ilipohama mtaa. Kila tulipopanda juu, tuliyaona.

Basi tulimwambia mwanetu: lenzi inayokulazimisha kumwendea mtu yakulazimisha pia kubisha hodi, na adabu ya kubisha hodi sote tumeisoma chuoni katika Surat an-Nur. Ukisimama hatua tatu kutoka kwake, akuona, aweza kusema hapana. Tulisema mengi, kwa hisia, na tulidhani tumemaliza.

Alitusikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akauliza, “Mjomba, samahani. Kosa lilikuwa la lenzi?”

Tukanyamaza.

“Nami siwezi kukaribia kila mahali,” akaendelea. “Wewe ukiwa na praimu, miguu yako ndiyo zumu. Miguu yangu yaishia penye pazia.”

Akatukumbusha siku ya hafla ya chuo, mwaka uliopita. Mtoto wa jirani, wa miaka saba, alisimama kusoma kwa moyo mbele ya wazee na wageni. Baba yake yuko kazini Qatar. Mama yake alikuwa ameketi juu, upande wa wanawake, akamshika mwanetu mkono: mpigie, nimpelekee babake. Kutoka kule juu, kwa milimita 55, mtoto yule alionekana kama punje ya mchele juu ya sinia. Na binti hawezi kushuka, akapenya safu za wanaume, akapiga goti mbele ya jukwaa. Sisi tulikuwa tumeketi safu ya mbele, hatua chache kutoka kwa mtoto, wala haikutupitikia kuwa kuna mtu juu anayehangaika.

Tukiri: hoja hiyo hatukuwa tumeifikiria hata siku moja. Wapiga picha wa praimu hupenda kumtaja Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyepiga sehemu kubwa ya kazi zake kwa lenzi ya milimita 50, akitembea. Ni kweli, na kazi zake ni za ajabu. Lakini miguu yake ilikuwa na ruhusa ya Paris nzima.

Bahasha ikarudi kwa dada yetu, na tukaafikiana kungoja wiki mbili. Katika wiki hizo mwanetu alifanya jambo ambalo twalisifu, na ambalo yeyote mwenye zumu aweza kulifanya bila ya gharama. Alifunga pete ya lenzi yake kwa utepe wa gundi kwenye 50, akapiga picha hivyo kwa wiki moja. Kisha akaifunga kwenye 35 kwa wiki ya pili. Kamera yake, kama nyingi za bei ya chini, ina kipokea mwanga kidogo, na hivyo milimita 50 kwake huona kama 75. Katika vyumba vyetu vya mji wa kale, virefu na vyembamba, kila alipotaka kuwaingiza bi harusi na mamake pamoja mgongo wake uligonga kabati. Kwenye 35 alipumua. Kisha akazipitia picha zake za mwaka mzima, kwani kamera huandika milimita za kila picha, akakuta kuwa nyingi alizowapa wateja zilikuwa baina ya 30 na 40. Alikuwa amechagua bila ya kujua.

Pamoja na hayo tulikwenda kuiona ile kubwa, kwa kuwa hoja ya pazia ilikuwa bado yatuuma. Muuzaji aliisifu sana. Mwanetu aliomba tochi, akamulika upande mmoja na kutazama kwa upande wa pili, akatuita. Ndani, juu ya kioo cha katikati, palikuwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Ni kuvu. Hewa yetu ya pwani huilea, khasa lenzi ikilazwa miezi ndani ya mkoba wa ngozi katika giza, na lenzi za kuvuta zina vioo vingi, na baadhi yake zina shingo inayotoka na kuingia, ikivuta hewa kila mara. Mwenye lenzi ya aina yoyote mjini petu na aiweke katika chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya visanduku vya viatu, na aitoe mara kwa mara ipate mwanga. Tulimshukuru muuzaji, tukaondoka.

Harusi za usiku huwa nazo karibu kila wiki, isipokuwa Ramadhani. Hafla za chuo na maulidi ni mara chache kwa mwaka. Kwa hiyo tulinunua praimu ya milimita 35, yenye kufunguka hadi 1.8, na siku ya hafla atakodi ile kubwa kwa siku moja, kwa mtu mwenye vioo visafi. Mama wa mtoto wa miaka saba ameahidi kuchangia kodi. Dada yetu alipata mabati yake, ingawa fundi alimzungusha wiki nzima, na hiyo ni habari nyingine.

Haikuwa raha tupu. Usiku wa kwanza alifungua tundu lote kwa furaha, na bi harusi akatoka na jicho moja kali kama sindano, huku makhalati zake waliosimama nyuma wamekuwa moshi. Walilalamika, na haki yao. Walikuwa wameshona nguo moja makusudi. Sasa amejua kuwa kwa safu mbili za watu hana budi kulifunga tundu hadi 5.6 na kuomba taa nyeupe iwashwe kwa dakika mbili. Wenye ukumbi hukubali, akiomba mapema.

Picha zenyewe hatukuziona wala hatutaziona. Humkabidhi bi harusi mkononi, na baada ya siku alizoagana naye huzifuta kwake. Tulimtania kuwa tumetoa ushauri wa wiki mbili juu ya lenzi ambayo hatutaijua kazi yake. Alifikiri kidogo, akafungua kamera, akatuonyesha moja. Aliipiga nje ya mlango wa ukumbi kabla ya kuingia: viatu vya wanawake vimepangwa barazani, vya mbele vyaonekana hata uzi, vya nyuma vimeyeyuka katika rangi, na katikati yake champali ya mtoto, moja tu.