Rupia ya Bibi

Rupia ya fedha ya enzi za Mjerumani ina uzito wa gramu 11 na ushei. Upande mmoja yupo Kaizari Wilhelm wa Pili, kofia yake ya chuma imetuliwa na tai. Ile ya bibi yetu, hapa Mabatini, Mwanza, ilikuwa ya mwaka 1910, imetobolewa ukingoni ipite uzi wa kuivalia shingoni. Masharubu ya Kaizari yalikuwa yamesagika kabisa, maana Bibi aliyasugua kwa kidole gumba kila alipotusimulia habari za baba yake.

Rupia hiyo ilikuwa na herufi ndogo, J, alama ya kiwanda cha sarafu cha Hamburg, Ujerumani. Katika karne ya 16, Hamburg ilifua sarafu zake yenyewe za fedha, kama Nuremberg na Lübeck, miji iliyojitawala. Ilizitia nembo yake, ngome ya minara mitatu, na mwenyeji aliyezishika aliuona mji wake. Baba yake Bibi alishika sarafu iliyotoka mji huohuo, akaona uso wa mtawala asiyemjua. Aliitafuta kwa kubeba mizigo ya wafanyabiashara, kwa sababu serikali ya Mjerumani ilimdai kodi ya nyumba.

Julai 1916 Waingereza waliiteka Mwanza. Miaka mitano baadaye ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, na rupia ya mzee ikawa pambo la binti yake.

Bibi alipofariki, tulimzika, tukakaa matanga. Rupia haikukaliwa matanga. Ada ya mtoto wa sekondari ilikuwa inadaiwa, rupia ikapelekwa kwa sonara, ikapimwa kwenye mizani, ikayeyushwa. Simlaumu mtu, mtoto alisoma, na Bibi mwenyewe angeitoa.

Ninachokililia si fedha ile. Fedha haijapotea, huenda sasa ni pete kidoleni mwa mtu hapa mjini. Kilichotutoka ni kile kilichomfanya mtoto aulize, "Bibi, hii umeipata wapi?" na mkubwa akaanza kusimulia. Wajukuu waliozaliwa baadaye hawajawahi kuuliza habari za mzee yule. Wataulizaje, na hawajaona kitu chake hata kimoja?

Kiwanda cha Hamburg kinafanya kazi mpaka leo, na herufi J ipo kwenye yuro zake. Upande wa Wajerumani wa habari hii upo kwenye maandishi. Upande wetu, yaani nani aliipata rupia, kwa jasho gani, ikamlipia nini, ulikuwa vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka.

Basi wewe mwenye rupia sandukuni, shida ikikubana, iuze bila aibu. Lakini kabla ya kwenda kwa sonara, ipige picha pande zote mbili, soma mwaka na herufi yake, kisha kaa na mkubwa wa nyumba umuulize ilikotoka. Andika jina la aliyeitolea jasho. Fanya hivyo wiki hii, mkubwa huyo akiwa hai.