Mwanangu Si Kobe

Binti yangu alipatwa na kisukari akiwa na miaka minane. Nasema kisukari cha aina ya kwanza, ambacho kongosho huacha kutengeneza insulini, si kile cha watu wazima ambacho mara nyingi hutulizwa kwa vidonge. Mtoto alikonda huku anakula, usiku akawa haachi kuamka kunywa maji na kwenda chooni. Tulipomfikisha hospitali alikuwa hajitambui. Tangu alipotoka wodini hadi leo, hakuna siku inayopita bila sindano.

Sindano tulizizoea. Kilichotusumbua ni Ramadhani. Hapa Unguja mwezi huo mji mzima unafunga, na mtoto akionekana na juisi mchana wenzake humwita kobe, yaani mtu asiyefunga. Alipokuwa mdogo hakujali. Alipobaleghe, rika lake likaingia kwenye faradhi, na mashangazi wakija kufuturu kwetu wanamuuliza mbele za watu: "Wewe mkubwa mzima, mbona hufungi?" Bibi yake naye aliamini kwamba njaa itaipunguza hiyo sukari.

Kupungua itapungua kweli, na hatari iko hapo. Insulini ya jana huendelea kufanya kazi mchana ilhali tumboni hamna kitu, sukari ikashuka hadi mtu akazirai. Akiikwepa sindano ili isishuke, sukari hupanda, mwili huanza kuyeyusha mafuta, damu ikajaa asidi. Hali hiyo ndiyo iliyomfikisha hospitali mara ya kwanza. Na saumu yetu huku ni zaidi ya saa kumi na tatu.

Siku moja alifunga kwa siri. Baada ya alasiri nilimkuta jikoni amekalia mbuzi, anakuna nazi ya mihogo. Jasho linamchuruzika, mkono unamtetemeka, kifuu kinateleza nje ya meno ya mbuzi. Nikamtoboa kidole. Kipimo kikaonyesha 2.8 mmol/L. Ikiwa chini ya 3.9, aliyefunga hutakiwa kufungua papo hapo. Nikakoroga sukari kwenye glasi, akafumba mdomo.

"Mama, imebaki saa moja tu."

"Kunywa, au nakumiminia."

Alikunywa huku machozi yanamtoka. Baada ya robo saa tukapima tena, imepanda.

Kesho yake nilimpeleka kwa ustadhi wake wa chuoni. Ustadhi hakumhutubia. Alimfungulia msahafu, Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185, akamtaka asome mwenyewe pale anapotajwa mgonjwa na msafiri. Kisha akamuuliza, "Aliyetoa ruhusa ni nani?" Akajibu, "Mwenyezi Mungu." "Basi kobe ni yule anayekula bila ruhusa." Akatueleza kwamba maradhi yasiyotarajiwa kupona yana fidia yake: kumlisha maskini mmoja kwa kila siku. Jioni ile akalisomesha jambo hilo darasa zima, bila kumtaja mtu.

Daktari naye alisema wazi kwamba wapo vijana wenye sukari iliyotulia wanaojaribu kufunga, lakini kwa mpango: dozi ya insulini inarekebishwa na daktari, wanapima mara kwa mara mchana, na wanafungua sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.7. Kujitoboa kidole hakubatilishi saumu, na wanavyuoni wengi wanasema hivyo hivyo kuhusu sindano ya insulini. Kwa binti yangu, daktari alisema hapana. Tukatii.

Sasa yuko sekondari. Daku anaamka pamoja nasi, tarawehe anasali, na magharibi ikikaribia yeye ndiye anayembebea mzee jirani yetu bakuli la futari, fidia yake. Mezani anachukua kaimati mbili, anahesabu wanga wake, anachoma sindano, anakula. Hajaanguka tena.

Wazazi wenzangu, nendeni kliniki Shaabani haijaisha, msingoje mwezi uandame. Walimu wa vyuo, zisomesheni aya hizo mbili kwa sauti, watoto wote wasikie. Na wewe jirani, ukimwona mtoto anakunywa juisi saa nane mchana, usimsimange. Huenda juisi hiyo ndiyo inayomweka hai.