Mikono ya Rangi Mbili

Mama mboga wangu huku Highrise hanipi chenji mkononi. Anaiweka juu ya mbao, kando ya nyanya, naiokota. Si mtu mbaya. Nikipotea siku mbili ananiulizia. Ila vidole vyangu ni vyeupe hadi viganjani, na mdomo umezungukwa na baka kama mtu aliyekunywa maziwa akasahau kujipangusa.

Vitiligo haiambukizi. Kinga ya mwili inashambulia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, basi. Kamusi ina neno mbalanga, lakini mtaani sijasikia mtu akilitumia. Watu wana yao: aliungua, alirogwa, ama "huyu alijichubua." Hiyo ya mwisho ndiyo huniuma. Krimu za kung'arisha ngozi zinanunuliwa kama mkate, halafu mimi niliyepewa weupe bure naachiwa kiti kizima kwenye matatu.

Michael Jackson alimweleza Oprah Winfrey mwaka wa 1993 kwamba ana ugonjwa wa ngozi. Alifariki tarehe 25 Juni 2009, na leo hiyo ndiyo Siku ya Vitiligo Duniani. Mjomba wangu bado anasema jamaa alitaka tu kuwa mzungu.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa sababu, na ilitosha. Lakini siwezi kusema nililia sana kuachana na ile kusimama mbele ya darasa, mkono ubaoni, macho yote yakifuata mkono badala ya maandishi. Kuandika nikiwa nyumbani kulinifaa: mteja haoni vidole vinavyochapa.

Sasa kuna mteja mpya, anayelipa kuliko wote, na anataka video kila Jumatatu. Wiki mbili za kwanza nilipaka foundation ya dadangu. Wiki ya tatu ikaisha. Nikawasha kamera hivyo hivyo. Hakusema kitu. Nilikaa saa nzima nikingoja aseme, na maagizo yake nusu sikuyasikia. Ilibidi nimwandikie baadaye kumuuliza anataka nini.

Juzi nimeona vidoadoa vyeusi ndani ya baka la mkono wa kushoto, kila kimoja kwenye shina la nywele. Rangi wakati mwingine hurudi hivyo, kidogo kidogo. Nilimwonyesha dadangu, akapiga vigelegele. Mimi nilivihesabu, vilikuwa kumi na moja, nikashangaa kwamba sikuruka kama yeye.