Nilivyomfuata Mariana hadi Mexico

Kila msafiri ana lake. Kuna wanaofuata mpira, kuna wanaofuata makanisa, kuna wanaofuata maduka mpaka mizigo inawazidi uwanja wa ndege. Mimi nilipopata safari ya kikazi ya siku tano kwenda Mexico City, nilikwenda na swali moja la shangazi yangu.

Shangazi huyu miaka ya 1990 alikuwa Nairobi, akiuza duka la vitambaa la mtu. Shule zikifungwa nilikuwa napanda basi Moshi naenda kukaa kwake. Chumba kimoja, pazia katikati, na runinga ndogo isiyo na rangi. Ikifika saa yake, majirani wanajaa mpaka mlangoni. Kisa? The Rich Also Cry! Matajiri nao hulia. Mchezo wa Mexico, watu wanaongea Kiingereza na midomo inakwenda njia yake, lakini nani alijali? Mariana akilia, jengo zima linalia.

Kwa vijana wa leo ambao hamkumwona: Mariana ni msichana wa shamba. Baba anakufa, mama wa kambo anamfukuza. Anaingia mjini mikono mitupu, tajiri mmoja anampa hifadhi nyumbani kwake, na mtoto wa tajiri, Luis Alberto, anampenda. Wanaoana. Halafu wivu unaingia, ndoa inayumba. Mariana anajifungua akiwa peke yake, akili imemruka, na mtoto wake mchanga anamkabidhi kwa mama mmoja wa barabarani, muuza tiketi za bahati nasibu. Akili inapomrudia, mtoto hayupo. Miaka na miaka anamtafuta.

Siku ya kipande kile shangazi alinyanyuka, akatoka nje, akasimama kwenye ngazi gizani. Alikuwa na sababu. Binti yake wa miaka minne alikuwa Moshi kwa bibi, na yeye alimwona mara moja kwa mwaka, Krismasi. Nyumbani kwetu habari hiyo haikuwa ya kuzungumzwa.

Sasa shangazi ni mtu mzima, yuko Dar. Nilipokwenda kumuaga na kumwamkia, akaniambia: "Marahaba baba. Ukifika huko uniulizie kitu. Yule aliyekuwa Mariana, mwenyewe alikuwa na mtoto? Na kama alikuwa naye, nani alimlelea wakati yeye yuko kazini?"

Haya, twende Mexico.

MJI WA JUU

Kitu cha kwanza Mexico City ni pumzi. Mji uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, umeipita Nairobi kwa mbali. Ngazi za hoteli zilinihemesha kama mzee.

Kitu cha pili ni mahindi. Asubuhi watu wamezunguka masufuria ya barabarani wakila tamales, unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda ya muhindi na kupikwa kwa mvuke. Mchana tortilla, jioni tortilla tena. Wao mahindi huyachemsha kwanza na chokaa ndipo wayasage, ndiyo maana ladha si ya ugali wetu. Lakini ukiikunja ile tortilla ukachotea maharage, bwana we, tumbo la Mswahili halina malalamiko.

Kitu cha tatu ni Metro, treni ya chini ya ardhi iliyoanza mwaka 1969. Kila kituo kina jina na picha yake, kwa kuwa wakati ule wapo wengi waliokuwa hawajui kusoma. Kituo cha Coyoacán kina picha ya mnyama wa jamii ya mbweha, kwa hiyo mtu anaweza kuambiwa tu shuka kwa mbweha. Nikamfikiria Mariana wa shamba anaingia mji huu. Nikafikiria pia wasichana wanaoshuka stendi zetu na begi moja na namba ya simu kwenye karatasi.

Nilipanda njia ya 3 kuelekea kusini. Mabehewa ya mbele yametengwa kwa akina mama na watoto, basi sisi wanaume tukabanana nyuma kama daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Mchuuzi akapita na pipi, kijana mwingine akapita na chaja za simu. Nikajisikia niko nyumbani.

Mwisho wa njia hiyo ni Universidad, yaani chuo kikuu cha taifa, UNAM. Maktaba yake imefunikwa picha za vijiwe vya rangi kuta zote nne, kazi ya Juan O'Gorman. Nilikaa kwenye majani nikaitazama. Verónica Castro, ndilo jina halisi la Mariana wetu, alisoma hapa mambo ya uhusiano wa kimataifa. Kumbe kipusa angeweza kuwa balozi!

LANGO LA SAN ÁNGEL

Kutoka huko nilirudi vituo vichache, nikachukua basi dogo mpaka San Ángel. Ni mtaa wa mawe chini na maua ukutani. Jumamosi wasanii wanauza picha zao kwenye uwanja wa San Jacinto. Nyumba za Diego Rivera na Frida Kahlo ziko huku pia, mbili zimeunganishwa kwa daraja juu. Na huku ndiko zilipo studio za Televisa, kiwanda cha machozi cha dunia.

Sikuwa na kibali cha kuingia. Nilisimama ng'ambo ya barabara na mwenyeji wangu, mtu aliyewahi kubeba nyaya studioni, akinieleza kazi inavyokwenda. Tamthilia inataka kipande kipya karibu kila siku ya wiki, kwa miezi. Mwigizaji hana muda wa kukariri yote hayo. Basi Televisa kwa miaka mingi imetumia kidude kidogo kinachovaliwa sikioni. Mtu aliyekaa pembeni anasoma maneno, mwigizaji anayasikia na kuyatamka hapohapo, kama yametoka moyoni mwake. Picha hazipigwi kwa mpangilio wa hadithi pia. Za sebuleni zinapigwa pamoja, za hospitali pamoja. Asubuhi unalia msiba, mchana unacheka harusi, jioni unarudi kulia msiba uleule.

Nikabaki mdomo wazi. Yale machozi yaliyomtoa shangazi nje kumbe yalikuwa kibarua! Mwanamke yuko chini ya taa kali, sauti ya mtu mwingine iko sikioni, na saa ya kurudi nyumbani haijafika.

Ndipo nikauliza lile swali. Na mwanamke huyu, mwenyewe alikuwa na mtoto?

VERO MWENYEWE

Alikuwa naye. Hebu tuanze mwanzo.

Verónica alizaliwa Mexico City tarehe 19 Oktoba 1952, mkubwa wa watoto wanne. Baba aliondoka, mama yao, Socorro, ndiye aliyewakuza. Mwaka 1970 binti alishinda shindano la sura nzuri la gazeti la El Heraldo, milango ya runinga ikaanza kufunguka. Desemba 1974, akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 22, alimzaa Cristian. Baba wa mtoto alikuwa mchekeshaji maarufu Manuel Valdés. Hawakuoana, na huyo baba hakuwa wa kukaa nyumbani. Fikiria nchi ya Kikatoliki, mwaka 1974, msichana anayetafuta jina na tumbo lake linaonekana.

Hakumficha mtoto. Alimpa jina lake mwenyewe, Castro, na akaendelea kufanya kazi. Bibi Socorro alikuwa karibu. Los ricos también lloran, yaani ule mchezo wetu, ulipoanza mwaka 1979, Cristian alikuwa na miaka minne.

Miaka minne, msomaji. Umri uleule wa binti wa shangazi. Mwanamke aliyemlilia mtoto aliyempa muuza tiketi, usiku alikuwa anarudi kwa mtoto wake mwenyewe. Hata wimbo wa kufungulia mchezo, unaohusu kujifunza kulia, aliuimba yeye.

Mchezo ule ukatembea kuliko yeye. Urusi ilianza kuuona mwishoni mwa 1991, nchi ya Kisovieti inavunjika, na ukaendelea 1992 wakati bei za vitu zimefunguliwa na akiba za watu zimegeuka makaratasi. Watu waliokosa sukari waliacha foleni wakamtazame Mariana. Verónica alipokwenda Moscow mwaka 1992 alipokewa kama malkia. Na mwaka huohuo Cristian, yule mtoto, alitoa albamu yake ya kwanza, Agua Nueva, akawa nyota wa muziki Amerika ya Kilatini nzima.

Usidhani ilikuwa asali tupu. Mwaka 2004, akiendesha kipindi cha Big Brother VIP, alipandishwa juu ya tembo. Akaanguka! Mwenyeji wangu alicheka alipoona nimeshtuka, lakini sisi wa nchi za tembo tunajua huyo si punda. Maumivu ya uti wa mgongo yalimfuata kwa miaka. Hata hivyo mwaka 2018 alirudi kwa kishindo katika La casa de las flores, safari hii akiwa tajiri mwenyewe, mama mwenye duka la maua na siri tele. Mdogo wake, José Alberto Castro, naye ni mtayarishaji mkubwa wa tamthilia, Rubí ya 2004 ni kazi yake.

KIPANDE CHA TIKETI

Siku ya mwisho nilikwenda Alameda, bustani ya katikati ya mji iliyoanzishwa mwaka 1592. Na nani nikamkuta? Mama muuza tiketi za bahati nasibu! Bado wapo. Tiketi zimening'inia kwenye ubao kifuani, na si lazima ununue nzima. Unakatiwa kipande, wanakiita cachito.

Nikanunua kimoja. Mwenyeji wangu akamwambia huyu ametoka Afrika, amekuja kwa ajili ya Mariana. Yule mama akapiga kofi: "La Vero!" Akaanza kueleza kwa mikono, mtoto hivi, barabara hivi, machozi hivi. Mwisho akajionyesha yeye na tiketi zake, akatikisa kidole. Mwenyeji akanitafsiria: "Anasema yeye hajawahi kupewa mtoto. Wake watatu anao, na waliokula tiketi hizi ni hao."

Niliporudi Dar nilikwenda moja kwa moja kwa shangazi. Nikampa kile kipande, nikamwambia hakikushinda kitu. Akakicheka. Kisha akanyamaza, akinisubiri.

Nikamweleza. Mtoto alikuwa naye, wa miaka minne. Alimlea mwenyewe akiwa kazini, na mama yake mzazi alikuwa karibu.

Shangazi akakigeuza kile kipande cha tiketi, akakisoma upande wa nyuma utadhani anajua Kihispania.

"Kumbe hata Mariana alisaidiwa na bibi," akasema.

Akaingia ndani. Nikasikia anapiga simu Moshi, anamuuliza binti yake kama ameshakula.