Tatu, nne, tano

Wapendwa, nimekuwa kimya wiki tatu nzima. Sikuumwa wala ofisi haikunipeleka popote. Nilikuwa kwenye ujenzi. Leo mniwie radhi, siandiki siasa, naandika hisabati. Najua wengine mmeshaanza kutafuta mlango wa kutokea. Subirini kidogo.

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, sisi waandishi tuna habari moja ambayo tungeweza kuiandika hata kabla hayajatangazwa: hisabati imewamaliza vijana. Nimeiandika mwenyewe zaidi ya mara moja, nikakaa mezani natafuta neno kali la kichwa cha habari. Ambacho sijawahi kukiandika ni kwamba mdogo wangu, wa baba na mama mmoja, ni mmoja wa vijana hao. Alipata F ya hisabati, na nyingine za kuisindikiza. Watu wakiniuliza anafanya nini siku hizi nilikuwa najibu, "Yupo yupo tu, anahangaika na mambo ya ujenzi." Mimi nilikuwa na B yangu na digrii yangu, nikajiona nimemaliza.

Mwaka jana nikaanza kumjengea mama nyumba huko Chanika. Nyumba ya kawaida tu, mita 12 kwa mita 9. Mdogo wangu alikuwa ameshaacha kuwa saidia fundi, anasimamia kazi za watu. Mama akaniambia, "Mwanangu, si umpe mdogo wako hiyo kazi?" Nikamjibu kwamba ndugu na pesa havikai pamoja. Huo ulikuwa uongo wa heshima. Ukweli ni kwamba sikumwamini.

Nikatafutiwa fundi mwingine. Akaja, akaseti jengo asubuhi moja, akaondoka. Mimi msomi nikachukua tepu nikahakiki: 12, 9, 12, 9. Pande zote safi. Nikapiga picha nikawatumia rafiki zangu wote. Msingi ukachimbwa, zege likamwagwa, tofali zikapanda kozi mbili.

Jumapili moja mdogo wangu akaja kumsalimia mama, akapitia kiwanjani. Akasimama kwenye kona, akafumba jicho moja, akaangalia ukuta. Hakusema neno. Akaomba tepu.

"Kaka, shika hapa."

Akapima mita 3 upande mmoja, akaweka alama ya mkaa. Akapima mita 4 upande wa pili, akaweka alama. Kisha akavuta tepu toka alama hadi alama, akaniambia nisome.

"Tano nukta moja mbili."

"Ilitakiwa isome ngapi?"

Nikanyamaza, maana nilikuwa najua. Tatu mara tatu ni tisa. Nne mara nne ni kumi na sita. Jumlisha, ishirini na tano, na kipeuo chake cha pili ni tano kamili. Ni kanuni ya Pythagoras, ile ya pembetatu mraba na upande wake mrefu tuliouita kiegama shule ya msingi, halafu sekondari ukabadilika jina kuwa haipotenusi. Mtihani wa taifa niliijibu hiyo nikapata. Kiwanjani haikunijia hata kidogo.

Tukapima sasa nyumba nzima, kona kwa kona. Mshazari mmoja ukasoma mita 15.36, wa pili 14.63. Fanyeni hesabu nanyi hapo mlipo: 12 mara 12 ni 144, 9 mara 9 ni 81, jumla 225. Kipeuo chake ni 15. Mishazari yote miwili ilitakiwa isome 15.

Utauliza, mbona pande zilikuwa sawa? Chukua kiberiti, toa kile kitoto cha ndani chenye njiti, baki na ganda, kisha liminye kidogo kwenye kona. Hakuna upande uliorefuka wala kufupika, lakini ganda limelala. Ndivyo nyumba ya mama ilivyokuwa imelala, karibu nyuzi tatu. Nyuzi tatu unaziona ndogo, ila kwenye ukuta wa mita 9 mwisho wake umekosea kama sentimita 45. Marumaru zote za pembeni zingekatwa kabari, kabati lisingekaa ukutani, na mabati yangetusumbua mpaka mwisho.

Yule fundi wa kwanza tulipomwita akasema, "Bosi, hiyo itajificha kwenye lipu." Kwa kweli, wapendwa, nilitamani kumwamini. Saruji ile ilikuwa imekula mishahara yangu miwili. Nikamtazama mama. Yeye alikuwa anamtazama mdogo wangu, hanitazami mimi.

Tukavunja.

Usiku ule sikulala, nikaingia kwenye intaneti kusoma habari za hii kanuni. Pythagoras mwenyewe hakutuachia andiko hata moja, na kanuni yenyewe ni ya kale kuliko yeye. Kipo kibao cha udongo cha Wababeli, watu wa iliyo Iraki ya leo, ambacho kimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani. Kinajulikana kama YBC 7289, na kiliandikwa kati ya mwaka 1800 na 1600 kabla ya Kristo, yaani zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Pythagoras. Kimechorwa mraba na mishazari yake miwili. Ubavu umeandikwa 30, na urefu wa mshazari umekokotolewa kwa usahihi wa kushangaza, kama 42.426. Wataalamu wanadhani aliyekiandika alikuwa mwanafunzi tu. Nikafikiria, huyo naye kama angekuja mtu kumwuliza "kanuni inasemaje", labda angepata F.

Kesho yake nikampigia mdogo wangu. Nikamwomba aanze upya. Akakubali, halafu akanitajia bei. Nikacheka kidogo, nikamwambia, "Si kwa mama huku?" Akajibu taratibu, "Kwa mama, ndiyo. Lakini mimi ni fundi, kaka, na hiyo ndiyo bei yangu." Nikalipa. Sikuomba punguzo tena.

Akaseti siku nzima. Kamba, vigingi, tatu, nne, tano. Kona finyu alipima sentimita 60, 80 na 100, maana ni ileile ndogo. Mwisho tukavuta mishazari: 15 na 15. Nikamwuliza kama anajua jina la anachokifanya. Akasema alionyeshwa na fundi mzee aliyemfundisha kazi. Nilipomwambia ndiyo Pythagoras akashangaa kwelikweli. "Ile ya darasani? Mwalimu alisema a na b, kaka. Hakusema ukuta."

Wiki hii tumefika kwenye paa. Nusu ya upana ni mita 4.5, kimo cha kati mita 1.5. Nikatoa simu nikapiga hesabu ya urefu wa mbao ya kenchi bila kuhesabu upenu: 4.74. Yeye alikuwa ameshachora pembetatu kubwa mchangani na kuipima kwa tepu. Nikamwuliza kapata ngapi.

"Nne na sabini na nne."

Matokeo yatatoka tena, na najua mhariri atanipa ile habari. Nitaiandika, maana waliofeli wamefeli kweli na ni tatizo la nchi. Ila safari hii nitakwenda na kiwanjani. Na ukiniuliza mdogo wangu anafanya nini, ni fundi mjenzi. Namba yake ninayo, na bei yake haipungui.

Wewe je, kwenu nani alipimwa upande mmoja tu? Tutafakari. Wiki njema.