Turubai la Balambala, au: nani ana ruhusa ya kulishusha?

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu hivi, na wengine mmeniuliza kama nimeacha kublogu. Hapana, jamani. Nilikuwa Balambala, kando ya Mto Tana, kaunti ya Garissa, na ile programu ya kusajili mifugo kabla ya chanjo. Nimerudi na tableti moja iliyokufa, keria ya gari iliyopinda, na somo ambalo nilidhani nalijua kwa sababu nalitumia kila siku kazini. Kumbe wapi!

Nianze na chombo chenyewe. Land Cruiser tuliyopewa ina turubai la ubavuni. Limekunjwa kwenye mfuko mrefu uliofungwa kwenye keria. Unalivuta, unasimamisha nguzo mbili za alumini mbele, unapiga vigingi na kufunga kamba, na tayari una kivuli cha mita mbili na nusu kwa mbili. Kwa Garissa, ambako jua la saa nane mchana halina mzaha, kivuli hicho ni ofisi. Chini yake tuliweka meza, betri ya sola, ruta na tableti zinazochajiwa.

Siku ya nne tuliliacha gari kambini kwa sababu njia ya kwenda visimani haipitiki kwa magurudumu manne. Tukapanda boda boda mapema asubuhi, tukaenda kilomita 18 hivi. Turubai nililiacha wazi. Sababu yangu ilionekana ya maana kabisa: betri na tableti zisipigwe na jua. Jua nililifikiria. Mvua sikuifikiria, na tulikuwa katikati ya msimu wa deyr, mvua za Oktoba hadi Desemba. Mbingu ilikuwa nyeupe, bila wingu. Mtu wa Nairobi akiona hivyo anasema mvua haipo.

Saa kumi kasoro, tukiwa bado kisimani, upande wa kambi ukawa wa rangi ya matofali. Wenyeji hawakuhitaji kuambiwa. Vumbi hutangulia, kisha upepo wa baridi, kisha mvua. Wingu kubwa linapomwaga maji, hewa iliyopozwa hushuka kwa nguvu, na ikifika chini hutawanyika pande zote mbele ya mvua yenyewe. Kwa hiyo kinachofika kwanza si tone, ni upepo.

Tulipofika kambini giza lilikuwa limeingia. Turubai lilikuwa limeng'oka upande mmoja na kulala juu ya paa la gari kama nguo iliyotupwa. Nguzo moja ilikuwa mbali, imechomeka kwenye kichaka cha miiba. Meza ilikuwa imepinduka. Tableti moja ilikuwa ndani ya dimbwi.

Lakini hayo niliyaona baadaye. Kwanza nilimwona mama anayetupikia amekaa mlangoni mwa nyumba yake, amemkumbatia mjukuu wake wa miaka minane hivi, na pembeni yao wanambuzi wawili wamelowa. Akaniambia kwa sauti ya kawaida tu kwamba upepo ulipoanza, mtoto alikimbilia na wanambuzi wake chini ya kile kivuli chetu. Ndicho kilichokuwa karibu. Bibi alimfuata, akamvuta mkono, na nguzo ikapita.

"Ikapita wapi?" nikauliza.

Akaonyesha kwa kiganja, usawa wa kichwa cha mtoto.

Ndugu wasomaji, sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Nilidhani hatari ya turubai lililoachwa wazi ni kupoteza turubai. Sikujua kwamba kivuli kilichosimama ni mwaliko. Dhoruba ikija, kiumbe chochote kilicho karibu kitakimbilia kule kule ambako mambo yatavunjika.

Usiku ule sikulala. Nikafanya ninachofanya nikishindwa kulala: nikapiga hesabu. Eneo la turubai ni mita za mraba tano. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi. Kasi ikiwa maradufu, nguvu inakuwa mara nne. Upepo wa kilomita 30 kwa saa ukilipata turubai lile uso kwa uso unalisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 21. Ukifika kilomita 60 kwa saa, ni karibu kilo 85. Huyo ni mtu mzima, ananing'inia kwenye kamba zako, anarukaruka.

Maji nayo hesabu yake ni rahisi kuliko zote. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 20, ambayo kwa dhoruba ya huko si ajabu, ikituama yote juu ya turubai lililolala bapa ni lita 100. Jerikeni tano za lita 20, zimepangwa juu ya nguzo mbili nyembamba za alumini. Garissa hupata karibu milimita 300 tu kwa mwaka mzima, ndiyo maana mgeni anadharau. Lakini hizo 300 haziji kwa adabu, kidogo kidogo. Mnakumbuka mwishoni mwa 2023 barabara ya Madogo kuingia mji wa Garissa ilivyozama, watu wakavushwa kwa boti.

Asubuhi nikaenda kuitazama nyumba ya yule mama. Ni aqal, ile nyumba ya Wasomali wafugaji ambayo wengi Kenya wanaiita herio: fito zilizopindwa kuwa kuba, zikafungwa kamba, zikafunikwa mikeka na, siku hizi, vipande vya turubai. Wanawake ndio wanaoisuka mikeka, ndio wanaoisimamisha, na ndio wanaoibomoa na kuipakia juu ya ngamia siku ya kuhama. Usiku ule haikuwa imesogea hata kidogo.

Nikamwambia, "Mama, nyumba yako imetushinda."

Akacheka. "Walaal, yako imesimama. Yangu imekaa."

Maneno hayo yana uhandisi mzima ndani yake. Aqal ni ya chini na haina kona, kwa hiyo upepo hauna pa kushika. Fito zinapinda badala ya kuvunjika. Maji yanateleza, hayapati bonde la kutuama. Turubai langu lilikuwa kinyume cha kila kitu hapo: bapa, juu, wazi pande tatu, na limeshikwa na vigingi kwenye mchanga ambao ukilowa haushiki kitu. Na mchanga ndio udongo wetu kule.

Nikakumbuka pia kwamba kwangu turubai ni kivuli cha ofisi, ila mashariki kidogo ya hapo kuna watu ambao kwao ndiyo paa. Kambi za Dadaab zilianza 1991 kwa Ifo, zikafuata Dagahaley na Hagadera 1992, na karatasi ya plastiki ya UNHCR ya mita nne kwa tano imezeeka na kizazi kizima kule. Novemba 2006 mafuriko yaliingia kambini na Ifo ikaumia sana. Hao hawaachi turubai na kwenda kazini kisha kurudi kuandika makala. Waulize wao habari za fundo.

Sasa, mimi ni mtu wa programu. Wazo langu la kwanza lilikuwa lile lile mnalolifikiria. Kifaa! Arduino, kihisi cha kasi ya upepo, modemu ya kutuma SMS. Ulaya kuna vivuli vya nyumba vyenye mota na kihisi. Upepo ukizidi, vinajikunja vyenyewe. Nilianza hata kuchora mchoro kwenye daftari.

Kisha nikajiuliza SMS ile ingefanya nini. Nipo kilomita 18, boda boda kwenye njia ile ni zaidi ya nusu saa, na kati ya vumbi kuonekana na upepo kufika ni dakika chache. Ningepata taarifa sahihi, kwa wakati, kwamba turubai langu linang'oka. Turubai la gari halina mota, linahitaji mikono miwili. Taarifa isiyo na mkono wa kutenda ni kelele tu, na ni mara ngapi tumejaza seva zetu kengele za namna hiyo?

Halafu nikaja kugundua kwamba kihisi nilikuwa nacho. Nilipomuuliza yule mama kama aliiona mvua ikija, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anaona mchana. Aliiona tangu adhuhuri, kwa joto na kwa jinsi mbuzi walivyokuwa. Nikamuuliza kwa upole kwa nini hakulikunja.

"Ni kitu cha ofisi," akasema. "Mngesema nani amegusa."

Wanaotumia Linux watanielewa haraka. Kila faili ina ruhusa: nani anaweza kusoma, nani anaweza kuandika. Mimi nilikuwa nimemwachia kambi mtu anayeijua mbingu ya pale kuliko mimi na programu zangu zote, na nikampa ruhusa ya kusoma peke yake. Aliona kila kitu. Hakuweza kubadili chochote. Na sikuwa nimemkataza. Nilikuwa tu sijasema. Kwenye mfumo wenye tahadhari, usiposema, ruhusa ni hapana.

Kwa siku zilizobaki tulifuata mambo haya, na nayaweka hapa kwa yeyote anayesafiri na turubai, hema la chai au kibanda cha maonyesho:

1. Ukiondoka, kunja. Dakika tano tu. Kila sababu ya kutokunja ni uvivu uliovaa suti.

2. Vitu vinavyohitaji kivuli vipelekwe kwenye kivuli kisichoruka: ndani ya nyumba ya mwenyeji ukiomba.

3. Ikibidi libaki, liinamishe. Ondoa nguzo moja au zishushe zote, upande wa mbele uwe chini kabisa ili maji yateleze na upepo usiingie chini yake.

4. Kwenye mchanga, sahau vigingi. Jaza gunia mchanga, lifunge kamba, lifukie hadi kina cha goti. Kulitoa hilo upepo utalazimika kuinua mchanga wote ulio juu yake.

5. Chagua wewe kitakachokatika kwanza. Kona za mbele zifunge kwa kamba dhaifu makusudi, na usiache nguzo. Kamba ikikatika, turubai litapepea kama bendera na keria itapona. Ni fyuzi, hakuna zaidi.

6. Kabla ya kuondoka, mwambie anayebaki, kwa maneno, mbele ya wenzake: ukiona lazima, kunja, kata hata kamba, hakuna atakayekuuliza. Kisha mwonyeshe namna, naye afanye mara moja ukimtazama.

Hiyo ya sita ndiyo pekee iliyofanya kazi kweli. Siku mbili baadaye vumbi lilitokea tena tukiwa mbali. Tuliporudi tulikuta turubai limekunjwa, limefungwa kwa fundo ambalo sikulifahamu, na chai iko motoni.

Ile tableti haikufufuka. Ilikuwa na kumbukumbu za familia tisa ambazo sikuwa nimezitoa nakala, nikisubiri "mtandao ukitulia". Nilirudi kuzitafuta. Lakini mvua ile ile iliyovunja turubai langu ilikuwa imeotesha majani upande mwingine, na wafugaji hawasubiri mtu wa tableti. Nilikuta miduara ya miiba pale mazizi yalipokuwa, na majivu. Mpaka naandika haya tumezipata familia sita. Tatu mifugo yao haimo kwenye orodha, na orodha ndiyo inayoamua gari la chanjo litafika wapi. Mwenye kosa si mvua.

Programu sasa inatoa nakala kwenye kadi na kwenye simu ya pili kila jioni, mtandao uwepo usiwepo. Wiki ijayo nitaeleza jinsi nilivyoiandika, kwa wale mnaopenda upande huo. Kwa leo nendeni mkaangalie mmeacha nini wazi, na nani aliye karibu nacho ana ruhusa gani.