Majina Saba Ukutani: Matembezi ya Siku Moja Brussels

Wahenga walituusia tutembee tujionee. Lakini macho peke yake hayatoshi. Mtu anaweza kuuzunguka mji mzima, akapiga picha mbele ya kila jumba, kisha akarudi nyumbani bila kujua mji ule ulikuwa ukimwambia nini. Mji husema. Husema kwa majina ya barabara, kwa sanamu na vibao vya ukumbusho, na husema pia kwa yale ambayo haukuyaandika popote. Leo ningependa tutafakari pamoja jinsi matembezi ya familia, yale ya kustarehe tu, yanavyoweza kuwa somo la uraia. Nitatumia mfano wa siku moja niliyoipitisha Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, katika likizo ndefu ya mwaka 2023.

Dada yangu mkubwa ameishi huko miaka mingi, naye ndiye aliyetukatia tiketi, mimi na binti yangu wa miaka kumi. Mwanawe wa kiume ana miaka kumi na miwili. Alizaliwa hukohuko, ni raia wa huko, na Kinyarwanda chake ni cha kuungaunga. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi yenye jua. Hatukuwa na haraka wala ratiba. Dada alitia maji na mikate katika mkoba, tukatoka.

Tulianzia Grand-Place, uwanja mkuu wa mji wa kale. Mwaka 1695 majeshi ya Mfalme Louis XIV wa Ufaransa yaliupiga mji huo kwa mizinga, na nyumba nyingi za uwanja huo zikateketea. Mnara wa ukumbi wa jiji, wenye urefu wa mita 96, ulibaki umesimama. Waliojenga upya zile nyumba nzuri zinazouzunguka uwanja walikuwa hasa vyama vya watu wa kazi: waokaji mikate, watengenezaji bia, wenye mashua na wengineo. Kazi hiyo ilichukua miaka michache tu, na mwaka 1998 UNESCO iliuingiza uwanja huo katika orodha ya urithi wa dunia. Niliwaambia watoto kwamba hii pia ni aina ya umuganda: watu wameunguliwa, kisha wakashikana mikono.

Hatua chache kutoka hapo ipo sanamu ya shaba inayoitwa Manneken Pis, mtoto mdogo anayekojoa katika chemchemi. Ina urefu wa kama nusu mita tu, na watu wa nchi mbalimbali wameitunukia mavazi yanayozidi 1000. Binti yangu aliitazama, akanitazama, akauliza: “Baba, tumetoka Rusizi kuja kumwona mtoto anayekojoa?” Shangazi yake alicheka hadi akaketi. Tulinunua chipsi katika karatasi iliyoviringishwa, tukala tumesimama kama wenyeji.

Mchana tulipanda tramu nambari 44, inayopita katika msitu mkubwa wenye kivuli hadi Tervuren, nje kidogo ya jiji. Huko kuna jumba la makumbusho ya Afrika lililofunguliwa mwaka 1910, likafungwa mwaka 2013 kwa matengenezo, na kufunguliwa tena Desemba 2018. Watoto walifurahia mtumbwi uliochongwa kwa mti mmoja, wenye urefu wa zaidi ya mita 22, na tembo aliyekaushwa ambaye vizazi vya watoto wa Ubelgiji wamempenda. Binti yangu alihesabu hatua kutoka ncha moja ya mtumbwi hadi nyingine, akasema mvuvi wa Nkombo angeuonea wivu.

Ukumbi wa katikati una sanamu za enzi ya ukoloni zilizojengewa ukutani. Mojawapo jina lake lilimaanisha kwamba Ubelgiji inaupelekea Kongo ustaarabu. Kwa kuwa jengo linalindwa na sheria za urithi, sanamu hizo hazikuondolewa. Badala yake wasanii wawili, Aimé Mpane wa Kongo na Jean-Pierre Müller wa Ubelgiji, walitundika mbele yake vitambaa vyembamba vyenye picha, hivi kwamba unaiona sanamu na jibu lake kwa wakati mmoja.

Kisha tukafika katika njia yenye ukuta mrefu. Ukutani yamechongwa majina ya Wabelgiji 1508 waliofia Kongo kati ya mwaka 1876 na 1908. Mkabala wake kuna madirisha, na kwenye vioo vyake msanii wa Kongo Freddy Tsimba ameandika majina saba: Sambo, Mpemba, Ngemba, Ekia, Nzau, Kitukwa na Mibange. Jua linapopiga vioo, vivuli vya majina hayo huanguka juu ya ukuta, juu ya majina yaliyochongwa.

Ni nani hao saba? Mwaka 1897, wakati wa maonyesho makubwa ya Brussels, Mfalme Leopold II aliagiza Wakongo 267 waletwe Tervuren, wakawekwa katika vijiji vya maonyesho ndani ya bustani ili wageni waje kuwatazama. Majira yale yalikuwa ya baridi na mvua. Saba kati yao hawakurudi kwao. Makaburi yao yapo hadi leo kando ya kanisa la mji huohuo.

Niliwasimulia watoto haya kwa sauti ya kawaida, kama ninavyosimulia darasani. Binti yangu alikaa kimya, kisha akauliza: “Kwa nini majina yao hayakuchongwa ukutani pamoja na yale mengine?” Nikamjibu kwamba waliochonga ukuta walikuwa wakihesabu wafu wao tu. Ndipo mpwa wangu akauliza, kwa Kifaransa, swali ambalo nilikuwa nikilingoja tangu asubuhi: “Mjomba, mimi ni wa ukuta au wa dirisha?”

Msomaji wangu, swali hili si la kuchezea. Sisi Wanyarwanda tunajua mtoto akijibiwa vibaya hapa mwisho wake huwa nini. Utawala wa Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ulitugawia vitambulisho vilivyoandikwa kabila, na kalamu ile ilitumika tena mwaka 1994 penye vizuizi vya barabarani. Ningeweza kumjaza mtoto hasira na kuiita historia. Dada yangu alinitangulia. Alimshika bega mwanawe, akamwambia: “Wewe ni raia wa hapa. Ukuta ni wako na dirisha ni lako. Hukuvitengeneza, lakini wewe ndiwe utakayeulizwa vitunzwe vipi.” Kijana alitikisa kichwa, akarudi dirishani kuyasoma majina yote saba polepole, akijitahidi kuyatamka sawasawa.

Jioni tulirudi mjini, tukapita mtaa wa Matongé, ambako nilisikia Kilingala, na nikasikia pia Kiswahili cha Bukavu, kile cha ng'ambo ya mto wetu. Mlangoni mwa mtaa huo kuna uwanja mdogo wenye jina la Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyeuawa Januari 1961. Uwanja huo ulizinduliwa tarehe 30 Juni 2018, baada ya wakazi na vyama vyao kuudai kwa miaka mingi. Watoto walikuwa wamechoka, nasi tukaketi kula. Niliwaonyesha kibao cha jina, nikawaambia kwamba hakuna jina la mtaa linaloshuka kutoka mbinguni. Watu hukutana, huandika barua, hukataliwa, huandika tena, mpaka jiji likasikia.

Hili ndilo ninalotaka ulichukue, msomaji. Unapotembea na watoto wako, iwe Ulaya au hapa Kamembe, simama mahali pawili au patatu, uulize maswali matatu: Ni nani anayekumbukwa hapa? Ni nani aliyeachwa? Ni nani aliyeamua? Maswali hayo hayaharibu starehe. Watoto wetu walicheka siku nzima, na bado walirudi na kitu ambacho hakikununuliwa dukani.

Wala hatuhitaji tiketi ya ndege. Wilaya yetu ya Rusizi ina daraja linalotuunganisha na Bukavu, ambalo watoto wengi hulivuka bila kuuliza mpaka ule ulichorwa na nani. Ina Nyarushishi, mahali pa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambapo mzazi anaweza kumfundisha mtoto kwamba kutaja jina la aliyeuawa ni kumrudishia sehemu ya utu wake. Ina wazee wanaojua kwa nini vilima vyetu vinaitwa hivyo vinavyoitwa, nao hawatatungoja milele.

Basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, umuganda ukimalizika na majembe yakisharudishwa ndani, usikimbilie kulala. Mwambie mtoto avae viatu. Chagueni barabara moja, mwende polepole, na umwache yeye aulize kwanza.